Eda Kando ya Mikaratusi

Watu wa mjini huusifu mkaratusi. Mtoto akishikwa na mafua watamfukiza majani yake, jua likiwaka watakaa chini yake, kisha watakwambia ni mti wa baraka. Mimi nimeishi nao ubavuni na sina sifa za kuutolea. Nyumba ya wazazi wangu ilikuwa ng'ambo ya Pongwe, upande wa bara, pale ambapo mnazi unakataa kuota na nyika ya miiba inaanza. Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na kichaka cha mikaratusi, na baba aliajiriwa na shamba la mkonge kukilinda. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na mashamba ya mkonge yalikuwa yakila kuni kama yamelaaniwa.

Waliipanda miti ile wakidhani itakua mirefu. Ardhi kavu ya kwetu haikukubali. Ikakatwa ingali myembamba, na mkaratusi ukikatwa haufi. Kisiki kimoja kinatoa fimbo saba au nane, zote zikisukumana kutafuta mwanga kama watoto wa mke mmoja kwenye sinia moja. Hapo pakawa si msitu wala si nyika. Pakawa kichaka kirefu kidogo kuliko mtu, kikavu, chenye harufu ya dawa ya kuchua kifua.

Ubaya wake ulikuwa chini. Jani la mwembe likianguka linaoza, linakuwa udongo, tunalisahau. Jani la mkaratusi linakaa. Mwaka juu ya mwaka yanalundikana, ukiyakanyaga yanavunjika kama papadi. Na magome yake yanachunika yenyewe, yananing'inia marefu kama matambara, na siku ya moto hayo matambara ndiyo yanayoruka. Moto wa nyika unauona unakuja. Moto wa mikaratusi unarusha magome yanayowaka mbele yake, unatua nyuma yako wakati wewe bado unautazama usoni.

Ndiyo maana kila mwaka, mvua za vuli zikishapita na majani yakiwa hayajakauka sawasawa, baba na mama walichoma ukanda uliokuwa kati ya kichaka na uwa wetu. Tuliuita barabara ya moto, ingawa hata baiskeli haikuwahi kupita. Walilima kingo zake mbili mpaka udongo ukaonekana, kisha asubuhi, umande ungalipo, wakachoma katikati. Aliyeshika kijinga cha moto ni mama. Baba alimfuata na tawi bichi, akiupiga kila ulimi uliotaka kuvuka. Kama waligombana mwaka mzima, basi ni hapo tu. Baba akihimiza, mama akimwambia anyamaze, moto hauswagwi kama punda.

Kisha baba akafa, kwa homa ya siku chache tu, vuli ikiwa inaishia. Tulimzika Pongwe, na mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi za mjane kukaa ndani.

Mimi nilikuwa nimeolewa Tongoni na sijapata mtoto bado. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniambia niende nikakae na mama mpaka amalize. Nikaenda na mkeka wangu na mdomo wangu, maana mdomo sikuwahi kuuacha nyuma popote nilipokwenda.

Siku ya tatu ya matanga alikuja nyapara mkuu wa shamba. Alikuwa Mshambaa wa milimani, Mlutheri, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Alivua kofia mlangoni, akaketi barazani, akazungumza na mama kupitia pazia.

"Pole, mama. Marehemu alikuwa mtu wa kazi."

"Tumeshapoa, baba. Ndiyo kazi ya Mungu."

Akakohoa. Akasema kwamba nyumba ile, kama mama ajuavyo, ni ya mlinzi wa mikaratusi, na mlinzi mwingine atatafutwa. "Lakini maadamu uko eda, hapana mtu atakayekugusa. Nimekwisha sema na ofisi. Mpaka siku utakayotoka."

Mama akamshukuru. Mimi nilimpikia kahawa, nikamwona ni mtu mwema, na mpaka leo sisemi kwamba hakuwa.

Alipoondoka nikamwambia mama tufunge virago, akamalizie eda kwangu Tongoni. Nyumba gani ya kung'ang'ania, udongo na makuti, kichaka kinanuka nyuma, fisi wanalia mbele? Mama alinitazama kama nimemtukana.

"N'kakae kwa mkwe wangu? Nile wali wake nimekunja miguu, akitaka kuingia kwake abishe hodi? Hilo mie s'lifanyi, mwanangu."

"Basi ukitoka eda utakwenda wapi?"

"Miezi minne ni mingi. Wenye shamba wana mambo yao. Mjane akikaa kimya, huenda wakamsahau."

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake yote. Hakuwa na mtoto wa kiume wala ndugu aliye hai. Alikuwa na chumba kimoja chenye kitanda cha kamba alichofia mumewe, na maadamu yumo ndani, ni chake. Wengine huingia eda wakingoja siku ya kutoka. Mama aliingia akiomba siku hiyo ichelewe.

Januari nyapara aliwaleta watu kulima barabara ya moto. Walikuja na majembe wakiimba, vijana wa mkataba kutoka bara, hao tuliokuwa tukiwaita manamba. Walipofika ukutani kwetu, wimbo ukakatika. Ukanda ule ulipita kando kabisa ya uwa, na uwa wenyewe ulikuwa wa makuti makuukuu. Mtu akilima pale angemsikia mama akioga, na akiinua kichwa angemwona. Mkubwa wao akaniita pembeni.

"Dada, tumeambiwa mama yumo eda. Sisi wanaume tupitepite hapa, tumtie na moshi? Haifai. Tutakuja akitoka."

Wengi wao walikuwa Wakristo, Wakatoliki wa huko kwao, na heshima waliyompa mama nilikuwa sijaiona kwa baadhi ya Waislamu wa mtaani. Wakabeba majembe yao wakaenda kwa ncha za vidole. Mama alikuwa amesikia yote kutoka ndani.

"Waite warudi," akaniambia.

Nikatoka mbio, lakini hawakugeuka. Walidhani nawashukuru, wakanipungia. Kesho yake nilimfuata nyapara kwenye njia ya kiwandani, na wiki iliyofuata nikamfuata tena. Kila mara alivua kofia. "Mwache mama apumzike kwanza," alisema. "Moto hauji kila mwaka." Nilitaka kumrushia ndoo. Unawezaje kugombana na mtu anayekukosea kwa adabu?

Mvua za mwisho za vuli zilikuwa zimeuotesha ule ukanda nyasi zikanifika kiunoni. Kaskazi ikaanza kuvuma, ikazikausha. Magome ya mikaratusi yakaangukia humo humo. Mahali palipokuwa pametengwa kuuzuia moto pakawa pamewekwa kuni za kuupitishia.

Kufika mwisho wa Februari nilikuwa silali mchana. Huo ndio wakati watu wanaposafisha mashamba kungojea masika, na kila mtu anachoma kichaka chake. Moshi ulikuwa ukipanda huku na huku upande wa pwani, na kila moshi mimi niliuona ni wetu. Nilikuwa naota naungua. Nikimwambia mama, anazungusha tasbihi yake. Nikizidi, ananiambia nikachote maji. Nilichota. Pipa lilijaa mpaka kwenye ukingo, na haikunituliza hata kidogo.

Siku yenyewe nilikuwa natwanga kisamvu, adhuhuri imepita. Kilichonijia kwanza ni harufu. Ile dawa ya kuchua kifua, kali, mpaka macho yakatoka machozi. Nikaacha mchi. Nikapindua kinu, kisamvu chote chini, nikapanda juu yake nikachungulia juu ya uwa.

Moshi ulikuwa wa manjano, mzito, mwanzo wa kichaka, upande wa barabara ya Pongwe. Juu yake mwewe walikuwa wanazunguka wakidaka panzi. Upepo wa baharini ulikuwa umeshaamka, na ulikuwa unakuja moja kwa moja kwetu. Paa mmoja akatokea kwenye nyasi, akauruka uwa palipolala, akapita karibu yangu bila kunitazama. 

Niliingia chumbani. Mama alikuwa ameketi mkekani kwenye nguo zake nyeupe za bafta.

"Mama, moto."

"Wapi?"

"Kichakani. Upande wa barabara."

"Upepo?"

"Unakuja huku! Inuka tutoke."

"S'toki."

Nilidhani hajanielewa. Nikamshika mkono, akashika mwimo wa mlango. Alikuwa mwanamke mdogo, lakini alikuwa amepasua kuni maisha yake yote.

"Mama, dini haikutaki uungue! Muulize mwalimu yeyote, mwenye dharura hana lawama!"

"Dini naijua kabla hujazaliwa. Mie s'semi dini. N'kitoka leo, watu wa shamba wakan'ona, nyumba imekwenda."

"Na ikiungua na wewe ndani, itakuwa imebaki?"

Akazidi kuukaza mkono kwenye mwimo. Nilimwita jina baya, jina ambalo mtu hamwiti mamaye, na sikujuta kwa sababu nilikuwa na hofu na yeye alikuwa na ukaidi na moto ulikuwa na upepo. Nikatoka uwani nikalia huku nachovya magunia kwenye pipa na kuyatupa juu ya makuti.

Ndipo nyapara akaja na watu wake, ishirini na zaidi, wakitoka mbio upande wa kiwandani na mapanga na majembe. Wengine walikata matawi mabichi wakaingia kichakani kuupiga moto. Walirudi upesi kuliko walivyoingia, mmoja nyusi zimeungua. Wengine wakaanza kulima ule ukanda, lakini nyasi zilikuwa zimeshikana na udongo ulikuwa jiwe. Majembe yalikuwa yanaruka.

"Mama yuko wapi?" nyapara akaniuliza.

"Ndani."

"Nani amwambie atoke?"

"Mwambie wewe. Mimi nimemaliza maneno."

Nikamwona mtu yule, moshi umemzunguka, anakwenda mbele ya mlango, anasimama hatua kadhaa nyuma, anavua kofia. "Mama," akasema, "tafadhali, mama." Kama anaomba maji ya kunywa. Mama hakutoka. Hakuna mwanaume hata mmoja aliyethubutu kuuvuka ule mlango. Wangeweza kumbeba mama kama kapu, lakini kumgusa mjane wa eda kulikuwa hakuwezekani vichwani mwao, na mimi nilikuwa tayari kuwapiga wote na mchi.

Gome la kwanza likatua juu ya paa. Lilikuja likizunguka hewani, jekundu kingoni, taratibu, kama halina haraka. Nililipiga kwa gunia. La pili likatua kwenye banda la jiko, na hilo sikulifikia. Banda likashika.

Mmoja wa watu wa bara akapiga kelele, "Tuchome huku! Tuuchomee mbele!" Wote walijua ndiyo dawa iliyobaki. Uwashe moto wako kwenye ukanda, upande wa nyumba, uende ukakutane na ule mkubwa, ukifika usikute cha kula. Lakini wote wakatazama nyumba, kisha wakatazama chini. Ukiuwasha mapema, upepo unaurudisha ukutani, na ukutani yumo mama wa watu. Nani ataishika kazi hiyo? Nani atawasha moto ubavuni mwa mjane, kwa mkono wake?

Kuta za udongo zinapitisha sauti. Mama alisikia ule ukimya wao.

Mlango wa uwani ukafunguliwa. Akatoka na nguo zake nyeupe, uso wazi, kichwa amekifunga kwa kitambaa, akapita kati ya wanaume kama anapita kati ya magunia. Akaenda kwenye banda la jiko lililokuwa linawaka, akavuta kijinga kimoja. Kisha akaniambia mimi, siyo wao:

"Shika tawi. Simama alipokuwa akisimama baba yako."

Nikasimama. Yeye akasimama ukingoni mwa nyasi, kijinga amekiinamisha chini, na hakuwasha. Moto ulikuwa unanguruma kichakani, mikaratusi inapasuka kwa mlio wa risasi, na uso wangu ulikuwa unaniuma kwa joto.

"Mama, washa!"

"Bado."

"Mama!"

"Nyamaza."

Alikuwa anatazama pindo la nguo yake. Upepo ulikuwa unalipeperusha kuelekea nyumbani. Tuliona ncha za moto juu ya kichaka, kisha tukauona wenyewe, ukuta mzima. Watu wakaanza kurudi nyuma. Nyapara alikuwa anasali kwa Kishambaa. Pindo bado linapepea kuelekea nyumbani. Sijawahi kuchukia kipande cha nguo kama nilivyolichukia lile pindo.

Kisha likalala. Moto mkubwa ukishakaribia sana unavuta hewa, chini kwa chini, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kupiga chafya. Pindo likalala, likainuka tena, na safari hii likaelekea kichakani.

"Haya sasa," mama akasema, akainama.

Alitembea ukingo wote akigusisha kijinga hapa na hapa na hapa, bila kukimbia, nami nyuma yake nikiupiga kila ulimi uliogeuka. Wanaume wakaamka. Wakaja na matawi, wakajipanga nyuma yetu, wakaupiga pamoja nami. Moto wetu ukashika nyasi, ukasita, kisha ukavutwa. Ulikwenda mbio kumlaki mwenzake. Walipokutana palitoka sauti ambayo siwezi kuieleza, na joto lililotuangusha chini wengine. Halafu hakukuwa na kitu. Moshi tu, na ardhi nyeusi, na vijiti vya mikaratusi vimesimama uchi.

Nyumba ilibaki. Pembe moja ya paa iliungua na banda la jiko likaisha, lakini nyumba ilibaki. Nilitupa tawi nikapiga vigelegele, nikamkumbatia mama, nikacheza kama mwehu. Yeye hakucheza. Alikuwa anawatazama wale wanaume. Mmoja mmoja walikuwa wameanza kugundua kwamba mwanamke aliyesimama mbele yao, masizi mpaka mabegani, ni mjane wa eda. Mmoja mmoja walikuwa wanageuza migongo. Nyapara alikuwa wa mwisho. Alimtazama mama, akainamisha kichwa, akasema, "Mungu akubariki, mama," na sauti yake ilikuwa na huzuni ambayo wakati ule sikuielewa. Mama aliielewa. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kesho yake nilikwenda Pongwe kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Akaniambia nilivyotarajia: aliyekimbia moto hakuvunja eda, arudi ndani amalizie siku zake. Nikaichukua habari hiyo mbio mpaka kwa nyapara, nimeishika kama silaha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi sina ubishi na mwalimu wenu," akasema. "Lakini watu ishirini walimwona mama nje, na habari imefika ofisini kwamba mjane ametoka. Nikaulizwa: ikiwa ametoka, nyumba inangoja nini? Visiki vile vitachipua masika. Vinataka mlinzi."

"Na asingetoka," nikamwambia, "mngekuwa na nyumba ya kumpa huyo mlinzi?"

"Najua," akasema.

Lile neno liliniudhi kuliko angebisha. Angebisha ningempa yangu yote. Mtu akikwambia anajua, na bado mkono wake umeshika mlango wako, unamfanya nini?

Mlinzi mpya alifika na mke wake na watoto na kuku kabla mwezi haujaandama. Mama aliondoka amefunikwa shuka mwili mzima, juu ya gari la ng'ombe, mpaka Tongoni, akamalizia eda kwenye chumba changu nyuma ya pazia la kanga. Mume wangu alikuwa mtu wa watu. Alikuwa anakohoa tangu njiani ili mama ajue anakuja, na chakula alikula barazani, mvua au jua, ili mama asione haya. Mama alikuwa anatafuna tonge mbili tatu na kusema ameshiba. Sikumsikia akililaumu shamba, wala nyapara, wala moto. Alizidi kuwa mwembamba tu, na kila mwezi mpya ulipoandama alikuwa ananiuliza kama ni kweli umeandama.

Siku ya mwisho wanawake wa Tongoni walikuja tangu asubuhi. Walimwosha, wakamvua bafta, wakamfukiza udi, wakamvika kanga mpya niliyomnunulia. Shangazi wa mume wangu, aliyekuwa mkubwa wa shughuli, akamshika mkono akamwambia kwa furaha, "Haya bibi wee, eda imekwisha. Inuka utoke."

Mama akautazama mlango. Kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, kama anatafuta aliyemwita.

"N'toke n'ende wapi?"

Mimi mwenye mdomo wote huu nilimkazia kanga begani, ikawa basi.